Adabu ya Mkwe Wetu Madi

Msibani kwa mkwe wangu Madi, mwaka huu, nilisikia mwanamke mmoja akinong'ona nyuma ya pazia kwamba marehemu aliwahi kumkimbia mtoto wake mchanga. Sikumjibu, kwa sababu nyumba yenye maiti si mahali pa kujibizana. Najibu hapa. Madi hakumkimbia mtoto wake. Nilikuwapo, na nitaeleza ilivyokuwa.

Madi alikuwa Sabena. Ndivyo tulivyowaita ndugu zetu waliorudishwa kutoka Majunga, kule Madagaska, mwaka 1977, baada ya mauaji ya kule, kwa jina la ndege zilizowaleta. Halikuwa jina la heshima. Walishuka na mabegi ya kuazima, wengine bila viatu, na watu wa mjini waliwapa wali na shuka lakini hawakuwapa binti zao. Kaka yangu Boina, fundi cherehani, ndiye aliyemleta Madi barazani kwetu Moroni. Boina alifanya kazi Majunga ujanani na alimjua baba yake. Akaniambia, "Dada, huyu ni mtoto wa watu. Mke wake alifia kule. Anaoka mikate, haongei ovyo, haombi kitu." Mume wangu alikuwa amekwisha kufa, na nyumba yetu ilikuwa nyumba ya jina. Nilimchunguza Madi mwezi mzima kabla ya kukubali amwoe binti yangu Roukia. Nilichokubali kwake kilikuwa adabu yake.

Kwetu Ngazidja nyumba ni ya mwanamke. Mume huja kwa mkewe na nguo zake, akaingia kama mgeni anayejua kuwa wenyewe wapo. Na mama mkwe ndiye mwenyewe hasa. Madi alilijua hilo kuliko wenzake waliozaliwa hapa. Akisikia sauti yangu uani, alikohoa kabla ya kupita. Akinikuta barazani, aliteremsha macho, akasalimia kwa upande, akapita. Hakula mbele yangu hata tonge moja. Nimefundisha shule miaka mingi na nimeona vijana wa familia kubwa wakiwapandishia sauti wakwe zao, kwa hiyo mkwe wa namna hii nilimwona ni heshima kwetu, na jirani yangu Djoumoi, ambaye hasifu mtu bure, alisema, "Sabena wako amewashinda wenyeji."

Roukia alikuwa na mimba siku mamluki walipoingia, Mei 1978. Tulisikia risasi upande wa Itsandra, na kulipokucha wazungu wenye bunduki walikuwa wamesimama katika njia tunazopita kwenda sokoni. Wako walioshangilia, kwa kuwa serikali iliyoondolewa iliwatesa. Wako waliofunga madirisha. Madi alirudi kutoka kwenye tanuri na unga bado nyweleni, akafunga milango yote, kisha akaenda kusimama uani, mgongo ukutani. Alisimama hapo mpaka alasiri. Roukia alimpelekea maji, hakuyanywa. "Anatulinda," Roukia aliniambia, na mimi nikaona ni kweli. Nilimpa sifa nyingine tena katika moyo wangu.

Mtoto akazaliwa, msichana, tukampa jina la mama yangu, Oumi. Wanawake walimzunguka kama ilivyo desturi. Mmoja alimkanda, mmoja alimpaka mafuta, mmoja alimpikia mzazi uji wa pilipili manga. Baba hana kazi kubwa katika siku hizo arobaini. Tulipomleta Oumi barazani ili Madi amwone, alisimama upesi, akatoa kiti chake, akasema akiangalia chini, "Mpelekeni kwa koko wake." Koko ni mimi, bibi yake. Wanawake wakaguna kwa kuridhika. Mwanamume aliyekataa kumchezea mtoto mbele ya mama mkwe! Ilikuwa hivyo kesho yake, na siku zilizofuata. Mtoto akiingia, Madi anasimama. Mtoto akilia, Madi anatoka nje. Na kila alipotoka tulisema, tazama malezi.

Siku ya arobaini ilipopita, Roukia alinifuata jikoni nikiwa nachambua mchele.

"Mama, hajamshika."

"Nani?"

"Madi. Hajamshika mtoto hata mara moja."

Nikamwambia kwamba wanaume waliolelewa vizuri hawachezi na watoto wachanga mbele ya wakwe.

"Hata chumbani, mama," akasema. "Hata tukiwa peke yetu. Nikimlaza kitandani, yeye analala chini, mlangoni. Mtoto akilia anaziba masikio."

Niliendelea kuchambua mchele. Chumba cha mke na mume si mahali pa mama kuingia. Lakini kuanzia hapo nilimtazama Madi kwa jicho lingine, na nilichokiona sikukipenda. Mtu mwenye haya hugeuza uso. Madi alipomwona mtoto alirudi nyuma, kama mtu aliyefungua mlango akakuta ndani yuko mtu aliyemzika.

Haikupita muda akapata kazi katika tanuri la mji wa Mutsamudu, Anjouan, kisiwa kingine kabisa. Aliaga vizuri. Aliacha unga wa kutosha, akaniachia salamu kwa Boina, akaenda. Mwezi wa kwanza mtaa ulisema kijana anajituma. Mwezi wa pili ukasema mbona hajaja kumwona mtoto. Mwezi wa tatu Djoumoi akaja na sahani ya mihogo, akaketi, akamtazama Oumi mapajani mwangu.

"Macho haya ni ya nani?" akauliza.

"Ya mama yangu," nikasema.

"Nauliza kwa upande wa baba."

Nilimrudishia sahani yake ikiwa na mihogo yake. Nilifahamu mara moja mtaa ulikuwa umefika wapi. Kama baba hamtaki mtoto, basi walikuwa wanamtafuta baba mwingine. Hilo ndilo lililokuwa mbele yetu: ama Madi amchukue mwanawe mbele ya watu, ama binti yangu aishi na uchafu ambao hakuufanya, na Oumi akue akiusikia.

Nikamwita Boina. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nilikwenda siku moja kumwona kazini kabla hajaondoka. Dada, yule mtu anashika donge la unga kama mtoto. Analifunika, analisogeza mbali na upepo. Mtu wa namna ile hakosi mapenzi. Kuna kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Twende tukamwulize."

Mwanamke wa kwetu haachi nyumba yake kumfuata mume. Ili pasiwe na la kusema, niliamua kumpeleka Roukia mimi mwenyewe. Djoumoi alitukuta njiani tukienda kupanda ndege ndogo ya Anjouan, Boina mbele na kikapu, Roukia katikati na mtoto, mimi nyuma.

"Siku hizi mke ndiye anayemfuata mume?" akauliza kwa sauti ya kusikika.

"Mtoto anakwenda kumtembelea baba yake," nikamjibu. "Hajui kutembea bado, ndiyo maana tunambeba."

Madi alikuwa amepanga chumba Hombo, mtaa wa Mutsamudu, juu ya njia iendayo hospitali. Alifungua mlango, akamwona Oumi, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Hakukumbuka hata kunisalimia. Boina alinionyesha kwa kidevu kwamba tuingie chumba cha nyuma, mimi na Roukia na mtoto. Pazia tu lilitutenganisha nao.

"Kaa chini, mkwe," nikamsikia Boina. "Nitamwita Roukia akuletee mtoto, umshike. Basi. Sina neno jingine."

"Mjomba, usinipe."

"Kwa nini?"

"Nitamtoa."

"Umtoe umpeleke wapi? Sisi ndio tumetoka kumleta, na ndege ilinitapisha."

Madi hakucheka. Ndipo akasema yale ambayo hakuwahi kumwambia mtu Moroni. Majunga alikuwa na mtoto wa kiume, Chaehoi, ambaye alikuwa bado hajasimama. Siku watu wenye marungu walipoingia katika mtaa wao, jirani, mwanamke wa Kimalagasi waliyezoeana naye, alinyoosha mikono juu ya ukuta wa ua akasema, nipe mtoto, nitasema ni wangu. Madi akampa. Yeye na mkewe wakatokea upande wa pili. Mkewe hakufika mbali. Yeye alifika kambi ya askari, akakaa humo na wenzetu wengi hadi palipotulia. Aliporudi, nyumba ya jirani ilikuwa tupu, bila mlango. Wengine walimwambia yule mama amekwenda kwa ndugu zake bara. Wengine walinyamaza tu. Kisha wakapandishwa ndege.

"Hakutaka kwenda kwa yule mama," Madi alisema. "Aligeuka akaninyooshea mikono. Nikamsukuma, mjomba. Nilimsukuma hivi, kwa viganja vyote viwili, mpaka akapokelewa. Na huyu akilia, sauti ni ileile. Ni yule anayeniita."

Roukia aliweka kichwa chake juu ya kichwa cha Oumi. Mimi nilitazama pazia. Ilikuwa mchana, watoto wa jirani wakicheza nje, lakini ndani ya chumba kile nilihisi tumezidi mmoja.

Nikasikia kiti cha Boina kikisogezwa karibu. Kisha akasema, "Mimi nina watoto watano Itsandra, nyumbani kwa mke wangu. Wa kwanza alilelewa na mama yake, koko wake, shangazi na majirani. Siku alipoanza kusema akaniita baba, niligeuka nyuma nione anamwita nani. Hakuna aliyenifundisha. Ulichokipata wewe ni kikubwa kuliko changu. Lakini kushika mtoto ni kazi, na kazi hufundishwa. Unaogopa mikono yako?"

"Naiogopa."

"Basi tusiitumie. Roukia! Lete leso yako na mtoto."

Nilifungua pazia kidogo. Boina alimweka Oumi kifuani mwa Madi, akazungusha leso mara mbili, akaipitisha chini ya makalio ya mtoto na juu ya bega, akavuta kama anavyovuta kiuno cha kanzu anayoipima, akafunga fundo katikati ya mgongo. Madi alikuwa ameinua mikono juu, kama mtu aliyeelekezewa bunduki.

"Fundo hili hulifikii," Boina akasema. "Nimelifunga mimi, litafunguliwa na mimi. Hata ukitaka kumtoa, huwezi. Sasa shusha mikono, utachoka."

Hakuishusha. Jasho lilimtoka likamdondokea mtoto. Oumi alisukuma, akalia, akanusa, akasinzia. Baada ya muda akakojoa, na Madi akashtuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Boina akamwambia, "Ndiyo mkataba huo. Ameshatia sahihi."

Ilikuwa hivyo kila siku, Madi akirudi kutoka kazini na kuoga. Siku za mwanzo hakuweza kukaa wala kusema. Alitembea kutoka ukuta hadi ukuta, na midomo ikicheza bila sauti. Wakati mwingine alisimama ghafla akageuka, kama aliyeguswa bega. Boina alikaa dirishani akishona vifungo, akimwelekeza bila kumtazama. Mwache akuone uso. Shingo, angalia shingo. Mwimbie. Hujui wimbo? Mwambie bei ya unga. Ilifika siku nikasikia sauti ya chini ikimweleza mtoto namna ya kuamsha hamira.

Nitasema kweli kwamba macho yangu hayakuzoea. Mwanamume aliyefungwa leso kama mama anayenyonyesha! Ndani nilivumilia. Lakini siku Oumi alipotakiwa kupelekwa hospitali kuchanjwa, na Boina akasema Madi ndiye atakayembeba, nilikataa.

"Ndani sawa. Njiani, la. Tuna jina."

"Dada," Boina akasema, "Moroni wanasema mtoto hana baba. Utawajibu kwa kumficha baba?"

Nilifikiri. Kisha nikafungua kikapu changu, nikatoa leso mpya, nyekundu, ambayo nilikuwa sijaivaa. "Kama ni kubebwa mbele ya watu," nikasema, "abebwe kwa nguo inayofaa."

Hospitali haikuwa mbali. Tulitembea wanne na mtoto, Boina na Madi mbele, mimi na Roukia hatua chache nyuma. Wanawake walichungulia madirishani. "Bwana we, umezaa lini?" mmoja akapiga kelele. "Maziwa yametoka?" akauliza mwingine. Boina akamjibu, "Yametoka, lete kikombe!" Mtaa ukaangua kicheko. Madi alitembea ameinamisha kichwa, lakini alitembea.

Karibu na geti la hospitali palikuwa na gari la kijeshi. Askari wa walinzi wapya wa rais walikuwa wakimtafuta mtu, na mzungu mmoja alikaa garini mguu nje, akivuta sigara. Walikuwa wanawapanga wanaume ukutani na kuwapapasa. Askari mmoja, kijana, akamvuta Madi kwa mkono.

"Wewe, ukutani. Una nini humo?"

"Mtoto."

"Mtoe. Mpe bibi yake."

Madi aligeuka, mgongo ukutani. Boina alikuwa amesukumwa kando. Bunduki ya kijana yule ilikuwa chini, lakini kidole kilikuwa mahali pake. Mimi nilisogea haraka, nikanyoosha mikono yote miwili. Nikasema neno ambalo mtu yeyote angesema.

"Nipe mtoto."

Madi akatazama mikono yangu. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu hai. Alikuwa ananiona mimi, na alikuwa anamwona mwingine amesimama mahali nilipo, na sijui kama aliweza kututofautisha. Uso ulimpauka. Kisha mikono yake, ambayo wiki zote zile ilining'inia pembeni kama si yake, ikapanda ikamkumbatia Oumi juu ya leso, mmoja kichwani, mmoja mgongoni.

"Simtoi," akasema.

"Nimesema mtoe!"

"Simtoi. Nipige, lakini simtoi."

Nikashusha mikono yangu. Nikamgeukia yule askari, nikamsemesha kama nilivyokuwa nikiwasemesha wanafunzi waliosimama bila ruhusa. "Fundo liko mgongoni kwake, kijana. Mwenyewe halifikii. Mkague hivyohivyo alivyo. Huyu ni baba wa mtoto na anampeleka kuchanjwa."

Askari alimtazama mzungu. Mzungu akatikisa mkono, kama anayefukuza nzi. Basi wakampapasa Madi miguu na kiuno, kisha yule kijana akaingiza mkono kati ya mtoto na kifua cha baba yake, kutafuta. Oumi akalia kilio ambacho sijakisikia tena kwake, kikali, kirefu, njia nzima ikanyamaza. Nikamtazama Madi. Nikajua sasa ataziba masikio. Hakuziba. Aliinamisha mdomo sikioni mwa mtoto.

"Nyamaza, Chaehoi," akasema. "Nyamaza, baba. Nipo."

Akalirudia jina lile mara nyingi, na Oumi akanyamaza nalo. Roukia alinishika mkono. Hakuna kati yetu aliyemsahihisha.

Askari walituacha tupite. Ndani, muuguzi aliuliza ni nani atakayemshika mtoto achomwe sindano, akamwonyesha Roukia kiti. Madi akasema, "Mimi." Boina akafungua fundo, leso ikaanguka sakafuni, na Madi akabaki amemshika mwanawe kwa mikono mitupu. Alimshika vibaya, kwa nguvu mno, lakini alimshika.

Habari zilitutangulia Moroni. Niliporudi, Djoumoi alikuwa mlangoni kabla sijafungua kufuli. "Ati mkwe wako huko anabeba mtoto kwa leso kama mwanamke? Mbele ya askari?"

"Kwa leso yangu," nikasema. "Nzuri, ile nyekundu. Mtoto ni wake, ambebe anavyotaka." Hakuniuliza tena juu ya macho ya Oumi, wala mwingine hakuuliza.

Roukia alikaa naye Mutsamudu miaka mingi, nyumba yetu Moroni ikimngoja, na sikuona jina letu likipungua kwa hilo. Walizaa wengine wawili. Madi alituma watu Majunga kila alipopata msafiri, wakaulize juu ya mama mmoja na mtoto wa kiume. Hakupata jibu. Na Boina, kila kijana aliyekuja kupimwa nguo za harusi alimweleza, mkanda wa kupimia ukiwa shingoni mwa kijana ili asikimbie, namna ya kushika shingo ya mtoto mchanga. Wengi walicheka. Wawili watatu walirudi baadaye, peke yao, kuuliza vizuri.

Ninalolisikia mpaka leo ni la asubuhi iliyofuata siku ile ya hospitali, kule Hombo. Niliamka kwa swala, nikamkuta Madi ameketi na Oumi upande wa pili wa pazia. Alikuwa akimsimulia nyumba ya Majunga. Hapa mlango, alisema, wa rangi ya samawati. Hapa jiko, hapa kitanda chako. Hapa mpapai. Hapa ukuta. Alipofika ukutani alinyamaza, nami nikaacha kutawadha. Mtoto akaanza kulia. Nilimsikia Madi akivuta pumzi. Hapa mlango, akasema tena, wa rangi ya samawati.